Kushinda Kazini Bila Kumaliza Kazi: Dalili, Vyanzo na Namna ya Kuvitatua

Wako watumishi wanaofika ofisini kabla ya saa 1:30 asubuhi na kutoka jua likiwa limeshazama, na kati ya saa hizo hawapati hata nafasi ya kunywa chai kwa utulivu. Lakini ukiwauliza siku hiyo wamekamilisha nini, watakutajia mambo waliyoyashughulikia, si waliyoyamaliza. Watu hawa si wavivu. Mara nyingi ndio wanaojituma kuliko wenzao, na kwa sababu hiyo kuwahimiza waongeze bidii ni kuwaonea. Bidii wanayo, kinachokosekana ni kujua kazi yao inakwama wapi, kwa kuwa kukwama huko kuna vyanzo vingi vinavyofanana kwa nje ingawa kila kimoja kina utatuzi wake.

Mwongozo huu unapita katika dalili moja baada ya nyingine na kutafuta chanzo kabla ya kupendekeza marekebisho. Mifano imetoka katika ofisi za kawaida za Tanzania, za umma na za mashirika, zenye masijala, mhasibu, afisa ugavi na mkuu wa idara. Mtu wa benki au wa kampuni ya usafirishaji atakuta majina ya vitu yanabadilika, lakini vyanzo vya mkwamo ni vilevile.

Kabla ya kurekebisha chochote, pima

Chukua karatasi, igawe safu tatu, na kwa wiki mbili andika kila jioni mambo matatu tu: kazi ngapi zimeingia kwako leo, kazi ngapi zimetoka, na ngapi zimebaki mikononi mwako. Ugumu uko katika neno "zimetoka", kwa hiyo litumie kwa ukali. Kazi imetoka pale tu mtu mwingine anapoweza kuitumia bila kurudi kwako. Rasimu ya barua haijatoka. Barua iliyosainiwa, ikapewa kumbukumbu namba na kupelekwa kwa mhusika, imetoka. Ombi la ununuzi halihesabiwi kuwa limetoka eti kwa sababu tu umeliwekea dokezo. Limetoka pale mzabuni anapokuwa na hati ya kununulia mkononi na anaweza kuleta mzigo. Usuluhishi wa hesabu za benki umetoka pale kila tofauti ilipopatiwa maelezo, si pale safu zote za jedwali zilipojazwa.

Watu wengi hushtuka wanapoona safu ya katikati. Mshtuko huo usikufanye ubadilishe utaratibu siku hiyohiyo. Mtu anayebadilisha mambo matano kwa pamoja hatajua lipi lilisaidia na lipi lilidhuru, na baada ya mwezi atarudi alikotoka akiamini kwamba hakuna kinachowezekana. Maliza kwanza wiki mbili za kupima, kisha tafuta hapa chini dalili inayofanana na yako.

Kila kitu kimeanzwa, hakuna kilichokwisha

Meza imejaa majalada yaliyofunguliwa, kompyuta ina mafaili mengi ya rasimu, na kila anayekupigia kuuliza kazi yake unamjibu kwa ukweli kabisa kwamba unaifanyia kazi. Hii ndiyo dalili iliyoenea kuliko zote, na chanzo chake hudharauliwa kwa sababu kinafanana na wema: mtumishi hataki mtu yeyote aone kazi yake haijaguswa, basi anagusa zote.

Hesabu ndogo inaonyesha hasara yake. Chukua kazi tatu, kila moja ikihitaji siku mbili kamili. Ukizifanya moja baada ya nyingine, ya kwanza itatoka siku ya 2, ya pili siku ya 4 na ya tatu siku ya 6. Ukizifanya kwa zamu, leo hii na kesho ile, ya kwanza itatoka siku ya 4, ya pili siku ya 5 na ya tatu siku ya 6. Yule wa tatu hakupata nafuu yoyote, wakati wawili wa mwanzo wamecheleweshwa bure. Hapo bado hatujahesabu muda unaopotea kila unapofungua jalada upya na kujikumbusha ulikuwa umefikia wapi, muda ambao katika kazi ya uandishi au ya mahesabu si mdogo hata kidogo.

Kanuni iliyo nyuma ya jambo hili ilithibitishwa kihisabati mwaka 1961 na John Little wa Marekani: katika mfumo uliotulia, yaani ule ambao kazi zinazoingia zinalingana na zinazotoka, wastani wa kazi zilizo mikononi ni sawa na kasi ya kazi kuingia ikizidishwa kwa wastani wa muda ambao kila kazi hukaa humo. Ikiwa una majalada 30 mezani na unamaliza 3 kwa siku, basi jalada linaloingia leo litakaa kwako siku 10 za kazi kwa wastani, hata kama kazi yake halisi ni ya nusu saa. Ukitaka likae siku 3, zipo njia mbili tu: umalize 10 kwa siku badala ya 3, jambo ambalo pengine haliko katika uwezo wako, au upunguze majalada yaliyo wazi mpaka yawe 9.

Yale 21 yaliyobaki yatakwenda wapi? Nina uhakika hili ndilo swali linalowazuia watu wengi. Hayatupwi wala hayafichwi. Yanabaki masijala au katika orodha ya kusubiri, kwa mpangilio unaojulikana, na mwenye jalada anaambiwa tarehe ya kulianza badala ya kuambiwa linafanyiwa kazi wakati halifanyiwi. Mwanzoni itakulazimu ufunge milango kidogo: kwa siku chache usifungue jambo jipya lisilo la dharura ya kweli, mpaka yaliyo wazi yashuke. Viporo vya mwezi uliopita ndivyo vitangulie, kuanzia vile vinavyohitaji hatua moja tu ili vitoke. Sahihi moja iliyokosekana, kiambatisho kimoja, simu moja kwa mzabuni, na kazi iliyokukalia wiki nzima itaondoka mezani.

Katika kupunguza, tenganisha kazi zinazokusubiri wewe na zile unazozisubiri kutoka kwa wengine. Watu huzichanganya, kisha hulemewa na wingi ambao nusu yake hawawezi kuufanya chochote. Zile za kusubiri wengine ziandikie jina la anayesubiriwa na siku ya kumkumbusha, na usizitazame mpaka siku hiyo ifike.

Siku imekatwakatwa vipande

Ukitaka kujua kama hili ndilo tatizo lako, angalia siku moja tu: ni kipande gani kirefu kuliko vyote cha muda uliokaa na kazi moja bila kukatizwa? Ikiwa kipande hicho hakifiki hata nusu saa, hakuna taarifa ya robo mwaka wala andiko la mradi litakaloandikwa vizuri humo, na utaishia kuziandika nyumbani usiku.

Mwaka 2009 mtafiti Sophie Leroy alionyesha kwamba mtu anapoiacha kazi haijakamilika na kuhamia nyingine, sehemu ya akili yake hubaki katika ile ya kwanza, na utendaji wake katika ya pili hushuka. Gloria Mark na wenzake, katika utafiti wa mwaka 2008, waliona kwamba wanaokatizwa mara kwa mara huongeza kasi ili kufidia, lakini kwa gharama ya msongo na hisia ya kubanwa zaidi. Hapo unaweza kuelewa uchovu wa yule anayetoka ofisini amechoka kama aliyebeba magunia ilhali hakumaliza jambo lolote kubwa: amekuwa akilipia kasi hiyo kwa mwili wake.

Hata hivyo, kabla ya kukimbilia kufunga mlango, tambua nani anakukatiza, kwa maana vyanzo ni vitatu na havitatuliwi kwa njia moja.

Cha kwanza ni simu yako mwenyewe. Kundi la WhatsApp la idara, la wilaya, la wazazi wa shule na la ukoo yote yanalia katika simu ileile. Tatuzi lake ni rahisi kulisema na linawezekana: zima milio ya makundi yote, na uyafungue kwa nyakati ulizozipanga, labda mara tatu kwa siku. Pingamizi huwa kwamba maagizo ya bosi hupitia humo. Basi kubalianeni naye kwamba jambo la haraka lipigiwe simu, na la kundini lichukuliwe kuwa ni la kusomwa kabla ya jioni. Wakuu wengi hukubali mpango huo wakielezwa kwa heshima, kwa sababu wao wenyewe wanateseka na makundi hayohayo.

Cha pili ni maswali yaleyale kutoka kwa watu tofauti. Ikiwa kila siku wanakuja watu kuuliza ombi la uhamisho linahitaji viambatisho gani, kosa haliko kwa waulizaji. Taarifa hiyo haijawekwa mahali wanapoweza kuiona. Iandike kwa Kiswahili chepesi, ibandike mlangoni na ubao wa matangazo, mpe nakala mlinzi na mtu wa mapokezi, itume katika makundi, kisha uangalie kama maswali yamepungua. Yasipopungua, maandishi yako hayaeleweki, yaandike upya.

Cha tatu ni wananchi au wateja wenyewe, na hapa naomba tuwe waangalifu sana. Katika ofisi inayohudumia watu, mtu aliyesimama mbele yako si kikatizo cha kazi, yeye ndiye kazi. Muuguzi wa dirishani, mtendaji wa kata, mtunza fedha na mtu wa mapokezi wasijipime kwa saa za utulivu walizopata. Kinachotakiwa kwao ni kugawana zamu: wakati mmoja anahudumia dirishani, mwenzake akae chumba cha ndani na majalada, kisha wabadilishane mchana. Ofisi yenye mtu mmoja tu iweke saa za wageni zinazojulikana na izitunze kwa uaminifu, bila kumwacha aliyetoka kijiji cha mbali arudi bila kusikilizwa.

Wala tatuzi lisiwe kukata salamu. Kuna ushauri mwingi ulioandikwa kwa ajili ya ofisi za mbali unaomtaka mtu aingie kwenye hoja moja kwa moja. Ukiufuata hapa utapoteza ushirikiano wa mzee wa masijala ambaye ndiye anayejua jalada lililopotea liko wapi. Salamu za dakika mbili hazijawahi kuchelewesha kazi yoyote. Linalochelewesha ni mazungumzo yanayoendelea baada ya jambo lililomleta mtu kuwa limekwisha, na hayo mtu mstaarabu anajua namna ya kuyamaliza akiwa amesimama.

Vikao vinakula wiki

Watu wanane wakikaa kikao cha saa mbili, ofisi imetumia saa 16, yaani siku mbili kamili za kazi za mtu mmoja. Huenda matumizi hayo ni halali kabisa. Kikao kinachoamua bajeti, kinachomaliza mgogoro baina ya idara mbili au kinachofungua zabuni kwa uwazi kina thamani kuliko saa zake. Kwa hiyo usianze kwa kuvihesabu vikao. Anza kwa kusoma mihtasari yake.

Fungua mihtasari ya vikao vinne vilivyopita na utazame sehemu ya yatokanayo. Ikiwa mambo yanaingia humo na kutoka, kikao kinafanya kazi. Ikiwa sehemu hiyo inarefuka kila mara, na mbele ya kila jambo kumeandikwa kwamba utekelezaji unaendelea, umeshapata ushahidi kwamba kikao hicho kinazalisha kikao kingine. Angalia pia kila azimio lina jina la mtu na tarehe, au limeandikwa kwamba "idara husika" italifanyia kazi. Idara husika haina mikono, na azimio lisilo na jina la mtu halitafanywa na yeyote.

Vyanzo vyake hutofautiana. Vikao vingine ni vya kusomeana taarifa ambazo zingeweza kutumwa siku mbili kabla na kusomwa na kila mmoja. Hivi vitibiwe kwa mwenyekiti kukataa usomaji na kuanza na maswali. Vingine huitwa kwa sababu mwenye mamlaka ya kuamua anaogopa kuamua peke yake, akitaka lawama, kama itakuja, igawanywe kwa wote waliosaini mahudhurio. Hapo hakuna ajenda nzuri itakayosaidia. Kinachotakiwa ni mkuu wake amwandikie waziwazi kwamba mambo ya kiwango fulani ni yake kuyaamua, na kwamba akikosea kwa nia njema atalindwa.

Kisha lipo suala la posho. Pale kukaa kikaoni kunapolipwa na kukaa mezani hakulipwi, vikao vitaongezeka na kurefuka, na hilo si kwa sababu watumishi ni wabaya, bali kwa sababu mshahara haukidhi na posho ya kikao inalipa ada ya mtoto. Mwenye ofisi anayetaka vikao vipungue huku akiacha mpangilio huo wa malipo anajisumbua. Kama kuna fedha ya posho, na taratibu zinaruhusu, afadhali ihamishiwe katika kazi iliyokamilika: usafi wa kanzidata, uhakiki wa mali, uandishi wa andiko.

Kazi inatoka, kisha inarudi

Hii ni dalili ya siri, kwa kuwa safu yako ya "zimetoka" inaweza kuonekana nzuri. Weka alama kila kazi inayokurudia kwa marekebisho. Taarifa iliyoandikwa mara tatu imekula nafasi ya taarifa mbili nyingine, na mwandishi wake atasema, kwa haki, kwamba wiki nzima alikuwa na shughuli.

Sababu kubwa ni kwamba agizo lilipokelewa kabla ya kueleweka. Bosi alisema "niandalie taarifa ya magari" akiwa anaelekea mlangoni, na mtumishi akaitikia "sawa mkuu", kwa kuwa kuuliza maswali mbele ya mkubwa kunaonekana kama kutojua kazi au kukosa adabu. Siku tatu baadaye anapeleka kurasa 14 za historia ya kila gari, kumbe kilichohitajika kilikuwa jedwali la ukurasa mmoja la gharama za matengenezo ili bodi iamue kama yauzwe.

Njia ya kuuliza bila kuvunja heshima ipo, na wazoefu huitumia: usiulize, rudia. "Mkuu, ili nisikosee, nimeelewa kwamba taarifa hii inakwenda kwa bodi ili iamue kuhusu kuuza magari ya zamani, iwe ukurasa mmoja, na uipate Alhamisi mchana." Sentensi hiyo moja ina mambo manne ambayo kila agizo linapaswa kuwa nayo, yaani mtumiaji, uamuzi, umbo na muda, na inampa mkubwa nafasi ya kusahihisha bila yeyote kuaibika. Kwa kazi ndefu, peleka mifupa mapema: vichwa vya habari na jedwali tupu, kabla hujatafuta hata takwimu moja. Kusahihisha mifupa huchukua dakika kumi, wakati kusahihisha taarifa iliyokamilika humvunja moyo mwandishi na mara nyingine humfanya apeleke makosa yaleyale kwa hasira.

Sababu ya pili ni viambatisho pungufu, hasa katika malipo. Hati ya malipo isiyo na stakabadhi, hati ya kupokelea mzigo au idhini ya ununuzi itarudi kutoka kwa mhasibu bila shaka yoyote. Orodha ya kuhakikia, iliyobandikwa mbele ya jalada na kuwekewa alama kabla ya kupelekwa, inatosha. Mifumo ya kielektroniki imesaidia hapa kwa kuwa mingi haimruhusu mtu kuendelea bila kiambatisho, lakini haiwezi kujua kama ulichopandisha ndicho chenyewe.

Kila jambo ni la haraka

Agosti 1954, katika hotuba aliyoitoa Evanston, Rais wa Marekani Dwight Eisenhower alimnukuu mkuu mmoja wa chuo aliyegawa matatizo yake katika ya haraka na ya muhimu, akisema kwamba ya haraka hayakuwa muhimu na ya muhimu hayakuwa ya haraka kamwe. Mgawanyo huo unajulikana sana leo, lakini peke yake haumsaidii mtumishi wa chini ambaye uharaka wa kazi zake huamuliwa na wengine. Kwake swali lenye manufaa zaidi ni jingine: jambo hili lilijulikana lini?

Kwa mwezi mmoja, kila kazi ya zimamoto inayokujia iandikie tarehe ambayo mtu yeyote ofisini angeweza kuijua. Utagundua makundi mawili. Liko lile la dharura za kweli: mlipuko wa kipindupindu, daraja limesombwa, kiongozi ameagiza takwimu leo kwa ajili ya leo. Na liko lile la mambo yaliyojulikana miezi mingi nyuma. Mwaka wa fedha wa Serikali ya Tanzania huanza tarehe 1 Julai na kwisha tarehe 30 Juni, na haujawahi kuwa siri. Hata hivyo Mei na Juni huja kama mvamizi, ofisi zikilala saa chache ili manunuzi yakamilike kabla fedha hazijarudi. Fedha zikichelewa kufika, hilo ni kosa la mbali na ofisi yako, lakini vipimo vya bidhaa, makisio ya bei na rasimu za nyaraka za zabuni vingeweza kuandaliwa Februari, vikisubiri fedha tu.

Watu pia hukadiria muda kwa matumaini. Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky waliueleza mwelekeo huo mwaka 1979: mtu akikadiria muda wa kazi yake hutazama mpango alionao kichwani, na kusahau kazi za aina hiyo zilichukua muda gani huko nyuma. Tiba yake ni kumbukumbu. Kama taarifa tatu za robo mwaka zilizopita zilichukua wiki moja na nusu, ya nne usiipangie siku tatu kwa sababu tu mara hii umedhamiria.

Tena, siku iliyojazwa yote haina mahali pa kuipokea dharura ya kweli. Nadharia ya foleni ina matokeo ambayo kila mkuu wa idara angepaswa kuyajua. Katika foleni rahisi ya mhudumu mmoja, ambapo kazi huja bila ratiba na kila moja ina urefu wake, mhudumu aliyejazwa asilimia 80 ya muda wake atakuwa na wastani wa kazi 4 katika foleni, ikiwemo ile anayoihudumia. Ukimjaza asilimia 90 zitakuwa 9, na asilimia 95 zitakuwa 19. Nyongeza ndogo ya kazi mwishoni huzaa mlundikano mkubwa. Kwa hiyo anayeacha saa moja na nusu ya siku yake bila kuipangia kitu hajaizembea, na mkuu anayemwona ametulia kidogo na kumbebesha jalada jingine anaiharibu kasi ya ofisi nzima.

Taarifa zimejaa, matokeo hayaonekani

Mwishoni mwa robo kila lengo limetekelezwa kwa asilimia 100, lakini wananchi wanalalamika kama mwanzo. Tafuta katika maneno ya malengo yenyewe. "Kufanya ziara 12 za ukaguzi wa shule" ni shughuli. Inatimia hata kama hakuna darasa hata moja lililobadilika. "Shule zote 12 ziwe na matundu ya vyoo yanayofaa kabla ya muhula wa pili" ni matokeo, na linaweza kushindwa, jambo ambalo ndilo linaloogopwa. Mchumi wa Uingereza Charles Goodhart alionya mwaka 1975 kwamba uhusiano wa kitakwimu unaozoeleka huelekea kuvunjika pale unapotumiwa kama nyenzo ya udhibiti, na ofisi zetu ni ushahidi: ukihesabu ziara, utapata ziara.

Tanzania ilianza kutumia OPRAS, mfumo wa wazi wa kupima utendaji wa watumishi, katika utumishi wa umma mwaka 2004, na baadaye ikahamia PEPMIS, mfumo wa kupima utendaji unaojazwa kwenye mtandao. Kenya nayo ilianza mikataba ya utendaji kazi mwaka huohuo wa 2004. Mfumo wowote kati ya hiyo unaweza kutumika vizuri au vibaya, kwa sababu hauwezi kukuzuia kuandika shughuli mahali pa matokeo. Kwa hiyo unapojaza malengo yako, yasome kwa sauti na ujiulize ni nani nje ya ofisi angeona tofauti kama lengo lingetimia. Usipompata, liandike upya.

Umemaliza, lakini imekwama kwingine

Safu yako iko safi, na bado mteja hajapata huduma kwa sababu jalada liko kwa mtu mmoja anayepaswa kusaini kila kitu, naye amesafiri. Hili si tatizo la bidii yako na usilibebe moyoni. Mpelekee mkuu orodha ya majalada yaliyosubiri sahihi mwezi uliopita, pamoja na siku yalizosubiri, na upendekeze aina za nyaraka ambazo kaimu anaweza kuzisaini kwa mujibu wa taratibu. Orodha yenye tarehe hushawishi kuliko malalamiko.

Umepima, umerekebisha, na bado zinazoingia ni nyingi kuliko zinazotoka

Jaribu rekebisho moja kwa wakati, ukilipa wiki mbili au tatu. Ikiwa kazi zilizo wazi zimepungua, vipande vya muda vimerefuka, marudio yameisha, na bado kila wiki zinaingia 40 zinatoka 25, basi chanzo ni kazi kuzidi watu, na hakuna mbinu ya mtu mmoja itakayolifidia pengo hilo kwa muda mrefu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 iliweka saa 45 kuwa kikomo cha kawaida cha wiki kwa wafanyakazi inaowahusu, na muda wa ziada unahitaji makubaliano na malipo; mtu anayeziba pengo kwa usiku wake na Jumapili yake analificha tatizo kwa wanaopaswa kuliona.

Mpelekee mkuu wako karatasi ile ya safu tatu, ikiwa na wiki zake zote. Usimwombe huruma, mwombe achague: kazi zipi zisitishwe, zipi zihamie idara nyingine, au nafasi ipi ya ajira iombewe kibali katika bajeti ijayo. Akisema kwamba zote lazima zifanywe na watu walewale, muombe basi aidhinishe tarehe mpya zinazolingana na kasi iliyopimwa, na ziwafikie wanaosubiri, ili mwalimu anayefuatilia malimbikizo yake ya mshahara ajue aje mwezi gani badala ya kupanda basi kila wiki.